Taneli ama grinihausi? Kwanza jua unakimbia nini

Swali hili linarudi kila mwaka mvua ya Machi ikikaribia. Mtu ana kaploti kake ka hamsini kwa mia pale Lanet, Nakuru, ama Mamboleo, Kisumu, nyumba imekula nusu, imebaki sehemu ya nyuma na anataka kupanda nyanya ama hoho chini ya nailoni. Fundi mmoja anamwambia weka taneli ya paipu zilizokunjwa, fundi mwingine anamwambia achana na hiyo weka grinihausi ya nguzo, na wote wawili wana picha nzuri kwa simu. Akiuliza watu ndio anachanganyikiwa kabisa, manake wa Njoro kwenye baridi anasifu kitu ambacho wa Ahero kwenye joto hataki hata kukisikia, na ukweli ni kwamba wote wawili wako sawa, wanaongelea mashamba yasiyofanana.

Mimi naona kabla uulize utajenga nini, uliza unakimbia nini. Kuna mtu anakimbia mvua, kuna anayekimbia wadudu, kuna anayekimbia baridi na kuna anayekimbia jua. Hivyo ni vitu vinne tofauti, na jengo linalozuia kimoja linaweza kukuletea kingine mlangoni. Pesa nyingi za wakulima wadogo zimepotea hapo, mtu anakimbia nzi weupe anajengewa nyumba ya kuzuia baridi, na yeye anaishi Kisumu.

Hii mambo ya kufungia mimea ndani imetoka nchi za baridi. Uingereza mtu aliyekodi kashamba kadogo ka kaunsili anapima kati ya nyumba ya kioo na taneli ya plastiki kwa sababu msimu wake ni mfupi na anataka joto, kila digrii anayoipata ni faida. Kioo kinamshikia joto la usiku vizuri kuliko plastiki lakini ni ghali na kinavunjika, taneli inampa nafasi kubwa kwa pesa kidogo. Kwao huo mjadala una maana. Sisi mstari wa Ikweta unapita Maseno na Mogotio, jua liko juu ya kichwa mwaka mzima, na sehemu nyingi za huku joto ndilo adui wa kwanza wa mtu aliyefunga nailoni.

Nailoni inafanya kazi hivi. Mwanga unapita, unapiga udongo na majani, udongo unapata moto na unapasha hewa iliyo juu yake. Nje hewa hiyo ingepanda juu ikabebwa na upepo, ndani haina pa kwenda, inazidi tu kupata moto, ni ile hali ya gari lililoachwa juani vioo vimepandishwa. Taneli iliyofungwa inaweza kupita joto la nje kwa digrii 10 na zaidi saa saba mchana. Sasa piga hesabu mahali uko. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari na mchana joto linacheza kwa 28 hadi 30, kuna miezi linapita hapo, ongeza 10 uko 40. Nakuru mjini iko kama mita 1,850, mchana ni 25 hivi, ongeza 10 uko 35. Molo iko karibu mita 2,500, na huko hiyo 10 ni zawadi.

Nyanya yenyewe inapenda mchana wa digrii 21 hadi 27. Joto likipita 32 hivi chavua inaanza kuharibika, likifika 35 siku nyingi mfululizo maua yanaanguka bila kushika tunda, unabaki na mmea mrefu, kijani, unapendeza kwa picha, na nyanya hakuna. Hapo ndio utasikia mtu akisema aliuziwa mbegu feki. Kabla umlaumu wa agrovet, tundika kathamometa ndani, kwa kivuli, kimo cha maua, na uangalie saa saba na saa nane mchana. Ni kifaa cha bei ndogo na kitakuambia zaidi ya majirani kumi.

Kwa hivyo jengo lolote ukionyeshwa, uliza hewa moto itatokea wapi. Taneli nyingi za bei nafuu ni paipu zilizokunjwa nusu duara, nailoni imevutwa kutoka chini upande huu hadi chini upande ule, mlango mwisho na mlango mwisho. Hewa moto inapanda inafika juu inakaa pale pale. Ikiwa fupi, tuseme mita 6 ama 8, ukifungua milango yote miwili hewa inapita na mambo yanaenda. Ikiwa ya mita 20 ama 30, katikati panapika. Grinihausi ile wengi wanajenga huku, ya mita 8 kwa 15, paa lake lina pande mbili ambazo hazikutani, upande mmoja umepanda juu ya mwingine na pengo la katikati limezibwa na neti, kwa hivyo hewa moto inajitokea yenyewe usiku na mchana bila mtu kushika kamba. Pembeni kuna neti na pazia la nailoni la kukunja juu.

Tofauti kubwa iko hapo, sio kwa jina na sio kwa mbao dhidi ya chuma. Nimeona taneli za chuma zenye kuta zilizosimama wima mita mbili na zaidi kabla paipu ianze kukunja, pembeni zinafunguka, juu kuna tundu, na hizo hazina shida yoyote. Na nimeona grinihausi za mbao zimefungwa nailoni hadi chini pande zote nne kwa sababu mwenyewe aliona neti ni gharama ya bure. Urefu wa kwenda juu pia usikubali upunguzwe. Jengo refu lina hewa nyingi ndani kwa hivyo linapata moto polepole, na kama pesa haitoshi afadhali ulime eneo dogo chini ya paa refu kuliko eneo kubwa chini ya paa ambalo unaligusa kwa mkono. Tundu la paa nalo ligeukie kule upepo unaelekea, sio kule unatoka, ndio upepo uvute hewa moto nje badala ya kuingia ndani na kuinua nailoni. Kisumu upepo wa alasiri unatoka ziwani. Nakuru simama shambani siku kadhaa uone majani ya miti yanalala upande gani, kila mtaa una wake.

Usiku nao unadanganya watu wengi. Watu wa Molo, Mau Narok na Njoro ya juu wanajenga wakitarajia nailoni iwashikie joto hadi asubuhi, lakini nailoni ya kawaida inaacha joto la udongo lipite litoke nje. Ndani utapata digrii moja, mbili, labda tatu juu ya nje, na usiku mtulivu usio na mawingu ndani kunaweza hata kushuka chini ya nje. Kuna nailoni zilizotengenezwa kuzuia hilo joto lisitoke na mtu wa huko juu aziulizie kwa kutaja kazi hiyo, kabla ya kulipa. La muhimu zaidi ni kushusha mapazia mapema, saa kumi ama kumi na moja jioni udongo ukiwa bado na joto, na kuyainua asubuhi mapema kabla matone ya paa hayajalowesha majani yote. Ukiacha kumefungwa hadi saa nne umetengeneza makao ya ukungu.

Mvua ni hadithi nyingine. Bakajani chelewa, ile blaiti inayochoma shamba lote la nyanya ama waru kwa wiki moja, inataka majani yakae na maji kwa saa nyingi na hali iwe ya ubaridi, ndio maana Nakuru, Kisii na Kericho inasumbua sana wakati wa mvua ndefu. Kinachoizuia ni paa. Kuta hazina kazi hapo. Kwa mtu ambaye shida yake kubwa ni blaiti, nguzo nane, paa la nailoni na pande zote wazi zinaweza kumtosha, na hii ni bei ndogo kabisa ukilinganisha na jengo zima, lakini fundi hatakuambia kwa sababu hakuna kazi kubwa ya kuuza hapo.

Na paa linakuletea maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja mraba ni lita moja, kwa hivyo paa la 8 kwa 15, mita 120 mraba, likipigwa na mvua ya milimita 20 jioni moja limeshika kama lita 2,400. Nyanya iliyokomaa inakunywa lita moja hadi mbili kwa siku, eneo hilo linaingia miche kama 250, hiyo ni lita 250 hadi 500 kila siku ya Mungu. Grinihausi yenye paa la mteremko unaifunga gata bila shida, taneli ya duara maji yanamwagika chini kando kando yanachimba mtaro na kurudi ndani kwa mizizi. Kama maji yako ni ya kununua kwa mkokoteni, hiyo gata peke yake inaweza kuamua.

Wadudu sasa. Tuta absoluta iliingia Kenya mwaka 2014 na tangu hapo nyanya ya nje imekuwa vita, kale kanondo kanataga kwa majani, funza anachimba ndani ya jani na ndani ya tunda ambapo dawa haimfikii. Nzi weupe nao wanaleta virusi vya kukunja majani na kuyageuza manjano. Hawa wote dawa yao ya kwanza ni neti, na neti haihitaji nailoni. Ya matundu 40 kwa inchi inamzuia Tuta, kwa nzi weupe tafuta ya 50. Shida ni kwamba neti ikiwa na matundu madogo hewa inapita kwa taabu, kwa hivyo ukitumia neti ya aina hiyo lazima iwe eneo kubwa, sio kadirisha kamoja. Ndio nasema bila kusita kwamba mtu wa Kisumu, Ahero, Siaya, Busia, huko chini chini, aachane na taneli ya nailoni iliyofungwa. Ajenge nyumba ya neti, kuta zote neti, juu neti ama paa refu la nailoni lenye tundu kama anaogopa mvua pia. Kakamega na Bungoma mko katikati, hapo grinihausi yenye pembeni zote za neti inafaa. Nakuru, Njoro, Kitale, Eldoret grinihausi refu yenye tundu la paa ama taneli nzuri yenye kuta wima zote zinafanya kazi, na kadri unavyopanda kwenda Molo ndivyo taneli ya kufungwa inavyoanza kuwa na maana.

Neti ikishafungwa kuna mambo mawili yanasahaulika. Mlango uwe wa mara mbili, kachumba kadogo ka kusimama ufunge wa nyuma kabla ya kufungua wa mbele, la sivyo unaingia na nzi weupe mgongoni. Halafu nyuki hawaingii tena. Nyanya inajichavusha lakini inataka kutikiswa, kwa hivyo gonga kamba ama waya za kushikilia mimea kila asubuhi umande ukishakauka. Matango tafuta aina inayozaa bila kuchavushwa. Tikiti maji iache nje.

Uzito pia. Nyanya za grinihausi ni zile za kupanda juu bila kikomo, aina kama Anna F1, na mtu anazifunga kwa kamba juu ya fremu. Chukua miche 250, kila mmoja ubebe hata kilo 4 kwa wakati mmoja, hiyo ni tani nzima inaning'inia juu ya paipu zako. Taneli ya paipu nyembamba itainama, na ikiinama nailoni inalegea, maji yanakusanyika juu, mvua ya mawe ya Nandi ama Kericho ikija imekuta mahali pa kukaa. Kwenye taneli simamisha nguzo na waya za mimea pekee yake, fremu ibebe nailoni tu. Paipu za plastiki za PVC zile nyeupe sipendekezi kabisa, hazina nguvu hiyo, na tena zikigusana na nailoni juani zinaifanya ichakae mapema.

Lakini kinachofanya grinihausi nyingi huku ziachwe sio fremu wala nailoni, ni udongo, na hili naomba mtu alisome polepole. Mnyauko wa bakteria unakaa kwenye udongo miaka na unapenda joto. Mmea unanyauka mchana ukiwa bado kijani, jioni unaonekana kama umepona, baada ya siku chache umekufa, na wa jirani yake unafuata. Kata shina, lisimamishe kwenye glasi ya maji safi, ukiona nyuzi nyeupe za maziwa zinashuka kutoka kwenye kidonda ndani ya dakika chache ni huo. Hakuna dawa ya kuutibu, usidanganywe na chupa yoyote. Unaenea na maji, viatu, jembe, na miche yenyewe. Sasa mtu akishajenga jengo ghali anataka pesa yake irudi, anapanda nyanya, halafu nyanya, halafu nyanya, ama anabadilisha na hoho akidhani amepumzisha udongo. Hoho, biringanya, waru na managu zote ni ukoo mmoja na nyanya, mnyauko unazijua. Pumzisha na sukuma, vitunguu, maharagwe, hata mahindi ukibidi.

Hapa ndipo taneli inashinda na hakuna anayeitangaza kwa hilo. Taneli ya paipu za kufunga kwa nati unaifungua, unaisogeza mita kumi kando, umepata udongo mpya. Grinihausi ya nguzo zilizomwagiwa zege imekaa pale pale na ugonjwa wake, na kinachobaki ni kupanda kwenye ndoo ama mifuko yenye udongo uliotoka mahali salama, ama yale mawe mepesi ya volkeno ambayo mashamba ya maua ya Naivasha yanatumia, ama kununua miche iliyounganishwa kwenye shina linalostahimili. Zote zinawezekana, zote ni gharama juu ya gharama.

Chumvi ni ndugu yake mnyauko. Chini ya paa mvua haifiki kuosha udongo, mbolea unayoweka inabaki, na kama unamwagilia maji ya kisima, visima vingi vya Bonde la Ufa vina chumvi chumvi, baada ya misimu kadhaa unaona utando mweupe juu ya udongo na ncha za majani zinaungua. Pima maji na udongo kabla ya kujenga, KALRO, lile shirika la serikali la utafiti wa kilimo, wanapima udongo, na wakati wa kubadilisha nailoni acha fremu wazi mvua kubwa chache zipige ndani kwanza.

Nailoni yenyewe chukua ya mikroni 200 iliyowekwa kinga ya jua, inakaa miaka mitatu hadi minne hivi, na unaikaza mchana jua likiwa kali, ikipoa inajivuta na kubana, ukiifunga asubuhi na baridi itapigapiga upepo ukija hadi ipasuke. Mahali inagusa chuma weka utepe mweupe ama kitambaa, chuma cha moto kinaichoma pole pole. Dawa zenye salfa pia zinaifupishia maisha. Nguzo za mbao mchwa wanazimaliza kutoka chini, kwa hivyo ukilinganisha bei za mafundi wawili gawanya kila sehemu kwa miaka itakayokaa, fremu kivyake, nailoni kivyake, neti kivyake. Mbao iliyoonekana nafuu inaweza kukutoka ghali kuliko chuma chenye zinki kinachopita miaka kumi. Udongo pia una maneno yake, ule mweusi wa Kano unavimba mvua ikija na kupasuka jua likiwaka, unasukuma nguzo, na ule mwepesi wa majivu ya volkeno karibu na Nakuru haushiki nguzo vizuri, chimba chini zaidi.

Na kama shamba ni la kukodi, usimwage zege kabla ya kuandikiana. Kitu kilichoshikana na ardhi mwenye ardhi anaweza kukihesabu chake siku mkikosana. Andikeni kwamba fremu, nailoni, neti na tanki ni vyako na utaving'oa ukiondoka, muda wa kuondoka ni upi, na mashimo nani atafukia, mtie sahihi wote wawili na shahidi. Kwa kodi ya mwaka mmoja mmoja chukua taneli ya kufungua ama nyumba ya neti kwenye nguzo za kuchomeka, hata kama uko Njoro na moyo unataka ile ya 8 kwa 15.